Nyuki Kwenye Spika ya Harusi

"Futa, Theo! Futa sasa hivi!"

Theodosia akaisogeza simu mbali na sikio. Habonimana, mchumba wake, hakuwa mtu wa kupaza sauti. Kazi yake ilikuwa kupiga picha za harusi, na mpiga picha wa harusi huishi kwa kubembeleza. Leo alikuwa anapiga kelele kama mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya bonde.

"Nifute nini, Habo?"

"Mahali petu! Huku kwa mama, Busunzu! Msafara wa harusi umeegesha magari chini ya mizinga ya mama. Wana spika kubwa kama kabati la nguo. Nimewauliza, nani kawaleta porini huku? Wakanionyesha simu. Pazuri Jirani, namba moja!"

Theodosia akaivuta kompyuta yake karibu.

Pazuri Jirani ilikuwa kazi yake. Aliichora mwenyewe, kitufe kwa kitufe, kwenye chumba chao cha kazi pale Kasulu, juu ya duka la mabati. Unafungua simu, inakuonyesha sehemu nzuri za kupigia picha zilizo karibu nawe, inakwambia jua linakaa vizuri saa ngapi na njia ni ipi. Asubuhi ile ndiyo kwanza wameifungulia watu. Na namba moja ilikuwa mwamba mweusi, kijito, na mti uliojaa maua mekundu. Chini ya mti ule ndipo Habonimana alipomvisha pete.

"Ni mtambo, mpenzi," akasema. "Unachagua wenyewe picha."

Upande wa pili muziki ukasikika, unadunda, na nyuma yake mvumo mwingine ambao haukuwa muziki.

"Theo. Picha ile iko kwenye simu mbili tu duniani. Yangu na yako. Na kwenye picha yangu mizinga inaonekana. Hiyo waliyonionyesha imekatwa pembeni, mizinga haipo. Mtambo gani una mkasi?"

Ni kweli, aliikata mwenyewe. Magogo yale matano yaliyoning'inia na nyasi zake aliona yanachafua picha.

"Nakuuliza mara moja tu. Unafuta au hufuti?"

"Nipe nusu saa. Wageni wa Dar, wale wenye mtaji..."

Simu ikakatwa.

Ridhiwani, mwenzake wa kazi, alikuwa ameshageuza kiti chake. Yeye ndiye aliyeandika programu. Mrefu, mkavu, mwenye maneno kuliko redio.

"Usiguse kitu, bosi. Wageni wanaingia kuitazama saa kumi. Wakikubali kutuwekea mtaji, mimi na wewe hatukai tena juu ya mabati."

"Kuna watu kwenye nyuki wa mama mkwe wangu, Ridhi."

"Hajawa mkwe. Posa Jumapili, leo Ijumaa. Halafu ukiitoa namba moja, namba mbili ni nini? Kituo cha mafuta! Namba tatu mnara wa simu! Nani atapanda gari kwenda kupiga picha na mnara?"

Theodosia akatazama kioo. Chini ya picha, watu walikuwa wanaongezeka. Kidole chake kilikaa juu ya kitufe, kikakaa, kikazidi kukaa. Hapo ndipo alipokosea mara ya pili.

Ujumbe wa Habonimana ukaingia.

"Nyuki wameinuka. Bwana harusi kaumwa uso mzima, yuko zahanati, anapumua. Mizinga yote mitano mitupu. Mama anasema Jumapili msitungoje. Kwetu mtu haposi kwa asali ya dukani, na yetu imeondoka na wenyewe."

Akafuta. Ridhiwani akashika kichwa.

"Umetuua!"

"Nimechelewa kuua," Theodosia akasema, akachukua mkoba.

*

Alifika Busunzu jua limeanza kulegea. Habari za mkasa ule zilikuwa zimemtangulia tangu kituoni, na kila mdomo uliongeza chake. Mmoja alidai bibi harusi alipanda mti na shela lake. Mwingine aliapa kwamba mzee wa kanisa, aliyekuwa anatembea kwa fimbo tangu mwaka juzi, alimpita dereva mbio na fimbo kaibeba begani.

Habonimana alikuwa amekaa juu ya mwamba, jicho moja limevimba hadi limefumba. Hakuinuka.

"Umekuja kupiga picha?"

"Nimekuja kwa mama."

"Mama hana maneno na wewe."

"Basi nitamsikiliza akinyamaza."

Mama Therese akatokea nyuma ya mti, mwanamke mfupi mwenye koti la mume wake marehemu, moshi unafuka kutoka kwenye kitita cha nyasi mkononi. Alimtazama Theodosia kuanzia viatu, akanusa hewa.

"Umepaka nini?"

"Mafuta tu, mama. Na manukato kidogo."

"Kijito kile pale. Kaoge. Nyuki wamenusishwa vya kutosha leo."

Akaoga na nguo, maji ya milimani yanauma kama wembe. Alipotoka anatetemeka, Mama Therese akamnyooshea kidole upande wa pili wa mwamba.

"Wanangu wamehamia pale."

Theodosia akaangalia, asiamini. Ile spika kubwa kama kabati, iliyotelekezwa na msafara, ilikuwa imesimama peke yake kwenye majani. Kitambaa cha mbele kimechanika, na nyuki wanaingia na kutoka kama waumini mlangoni mwa kanisa. Kundi zima la mzinga mmoja lilikuwa limepanga humo; mengine yalishatokomea.

"Muziki umezimika, wakaona nyumba nzuri," Mama Therese akasema bila kucheka. "Sasa niambie wewe mwenye kujua sehemu nzuri. Nani kaonyesha watu kwangu?"

Habonimana akageuza lile jicho moja zima. Theodosia alijua jibu jepesi liko wapi: mtambo, Ridhiwani, wageni.

"Mimi, mama. Kwa kidole changu. Nilipaona pazuri kuliko pote, nikataka watu wapaone. Nikakata mizinga yako kwenye picha kwa sababu niliiona mibaya. Halafu Habo aliponiambia nifute, nilichelewesha kwa ajili ya wageni. Na nilimdanganya kwamba ni mtambo."

Mama akakipulizia kitita chake cha nyasi.

"Mibaya," Mama Therese akarudia taratibu. "Mizinga iliyomsomesha huyu mwanaume wako."

"Ndiyo, mama."

"Siku ya kwanza ulipokuja kwangu, pale mlangoni ulifanya nini?"

"Nilipiga hodi."

"Nikakujibu?"

"Ukanijibu karibu. Ndipo nikaingia."

"Na leo umewafundisha watu wa mkoa mzima kupita dirishani." Akamrushia donge la nta na konzi ya mchaichai. "Sugua ndani ya mzinga huo mpya. Usugue mpaka mkono ukatae. Jua likizama tunawahamisha."

Wakafanya kazi watatu, Mama Therese na moshi, Habonimana na spika, Theodosia ameshika mdomo wa mzinga kwa mikono mitupu. Nyuki mmoja akamchoma shingoni. Akakaza meno.

"Pole," Habonimana akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza lisilo na mwiba.

"Nastahili."

"Sijasema hustahili. Nimesema pole."

Malkia alipoingia, wengine wakamfuata kama maji kwenye mfereji. Mama Therese akafunga kizibo cha nyasi, akajifuta jasho.

"Sasa sikia, mwana wanje, mwanangu. Nyuki waliotishwa hawaombwi msamaha kwa mdomo. Wakilala humu na kuamka humu, Jumapili tutakuja. Wakihama, usitungoje, na Habonimana asikupigie simu."

"Mama!" Habonimana akaruka.

"Oya, hapana. Nimemaliza."

Njiani kurudi Theodosia aliandika ujumbe kwa Ridhiwani: "Tunaweka kitufe cha Hodi. Mahali pa mtu hapaonekani mpaka mwenyewe ajibu Karibu. Na picha haikatwi."

"Wageni watatukimbia."

"Wakimbie."

*

Jumamosi simu haikulia. Jumapili baada ya ibada, nyumba ya kwao, mtaa wa Murubona pale Kasulu, ilijaa shangazi, sufuria na moshi, na simu bado haikulia. Kwa desturi Theodosia alifungiwa chumba cha ndani. Mwali wa posa haonekani mpaka aitwe. Akakaa kitandani, shingo bado imevimba, akihesabu sauti za pikipiki zinazopita.

"Mwanangu, wanakuja kweli hao?" shangazi Niyubahwe akachungulia. "Wali unashika chini."

"Sijui, shangazi."

"Hujui? Posa ni yako, anajua nani?"

"Nyuki."

Shangazi akarudi jikoni akiwaambia wenzake mtoto amechanganyikiwa.

Simu ikatikisika. Theodosia akaiparamia. Ridhiwani.

"Wageni wanauliza nani amebuni Hodi. Wanasema hawajaiona popote. Niwaambie nani?"

Akaandika: "Mama Therese wa Busunzu." Akaitupa simu kitandani, machozi yakamtoka. Wageni wa Dar wamekuja, wa posa hawaji.

Jua likapita utosini. Shangazi wakaanza kufunika vyakula kimyakimya, kama watu wa msibani.

Ndipo sauti ikasikika uani.

"Hodi!"

"Karibuni! Karibuni!" shangazi wakaitikia kwa pamoja, sufuria zikaanguka.

Hakuna aliyeingia.

"Hodi!" sauti ikarudia. Ilikuwa ya Mama Therese.

"Si tumesema karibuni, mama? Piteni!"

"Nimewasikia, asanteni. Lakini mwenye mahali hajanijibu."

Shangazi wakatazamana. Mwali hajibu. Mwali hata kikohozi hakohoi. Theodosia akafungua dirisha kwa kishindo, akatoa kichwa na shingo yake iliyovimba.

"Karibu, mama! Karibuni nyote!"

"Yesu wangu, mtoto katuaibisha!" shangazi Niyubahwe akalia.

Mama Therese akacheka kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. Nyuma yake Habonimana alikuwa na suti na jicho moja lililofunguka nusu, na bado alikuwa mzuri. Mama akasogea dirishani, akafungua jani la mgomba. Ndani yake hapakuwa na asali. Palikuwa na kipande cha sega kidogo kama kiganja cha mtoto, cheupe, kitupu.

"Tumechelewa kwa sababu nilitaka nihakikishe kwanza," akasema. "Asali sina, mwana wanje. Lakini wameanza kujenga."