Haya Maji ni ya Samaki

"Laki tatu nikulipe za nini, fundi? Za mazishi ya samaki?"

Meneja aliniuliza hivyo akiwa amemshika samaki mfu kwa mkia, kama anayenionyesha soksi chafu.

"Mazishi ni juu yako," nikamjibu. "Mimi nadai kioo, pampu, kichujio na jasho langu. Nusu ulinipa, nusu bado. Samaki nilikuletea wanacheza."

"Sasa hawachezi."

"Kwa sababu umewaua."

Mkewe akaguna pale mlangoni. "Heh! Fundi, heshima basi."

Heshima ninayo. Hasira ninayo pia, nayo huwahi kufika. Mimi sikusomea samaki popote. Nilijifunza kwa kuua wa kwangu, tangi baada ya tangi, mpaka nikajua kwa nini wanakufa. Nikikwambia kitu hiki kizuri, ni kizuri. Nikikwambia kibovu, hata uwe ndugu yangu, ni kibovu. Na bei yangu haina mkia wa kuvutwa chini.

Tena laki tatu hizo hazikuwa zangu. Dada yangu ni msusi. Alinikopesha pesa ya kodi ya chumba chake cha kusukia nikanunulie kioo cha Meneja, kwa ahadi kwamba nikimaliza kazi tu namrudishia. Kazi niliimaliza. Mwenye nyumba wake alishanunua kufuli jipya, na alimwonyesha. Dada hakunidai. Alinipakulia chakula kama kawaida. Afadhali angenitukana.

Kwa hiyo sikuwa na mzaha jioni ile.

Nikainama kwenye tangi. Walionusurika walikuwa wanahema juu kabisa, midomo nje ya maji. Mapezi yao yalikuwa yamenyauka pembeni kama karatasi iliyopitiwa na moto. Nikamnasa mmoja kwa wavu, nikainua shavu lake kwa ukucha. Ndani palikuwa pekundu, pameungua.

Nikanusa maji. Dawa ya bomba, kali kama ya kufulia mashuka.

"Nani anaongeza maji humu?"

Meneja na mkewe wakatazamana.

"Mimi," mke akasema.

"Ya wapi?"

"Ya bombani. Kwani mengine yanatoka wapi, mbinguni?"

"Mama, nilikwambia siku ile ile nilipolifunga. Nikarudia. Maji ya bomba yana dawa. Yanawekwa kwenye ndoo wazi yalale, dawa iondoke, ndiyo yaingie kwa samaki. Tangi lenyewe jipya, halijazoea. Hawa ni wageni kwenye nyumba ambayo hata plasta haijakauka, halafu wewe unawamwagia dawa usoni!"

"Yanapungua, fundi," akasema taratibu. "Kila jioni yanapungua. Jagi zima."

"Basi linavuja!" Meneja akadakia, macho yamemng'aa. "Umesikia? Kazi yako inavuja!"

Hilo lilinichoma kuliko lile la mazishi. Nikatandika magazeti chini ya tangi, nikapitisha kidole kwenye kila kona na kila mshono. Pakavu. Nikaingiza mkono nyuma, baina ya tangi na ukuta. Pakavu pia. Ila ukuta wenyewe ulikuwa na kiraka cha mraba, plasta mpya, ukubwa wa dirisha. Rangi yake haikufanana na ukuta uliobaki.

"Halivuji," nikasema.

"Basi jagi linakwenda wapi?"

Nikainua kifuniko, nikakirudisha. Maji hupungua yenyewe, kidogo kidogo, joto likizidi. Lakini tangi lenye kifuniko haliwezi kupoteza jagi kwa jioni moja.

"Tufanye hivi," Meneja akasema, akitazama dirishani. Jua lilikuwa linaishilia. "Baki hapa, watibu. Kesho nikikuta hawa waliobaki wako hai na maji yako palepale, nakupa laki tatu zako mkononi. Wakifa, tusijuane."

"Na nyie?"

"Sisi saa hizi huwa tunatoka kidogo. Kunyoosha miguu."

Mkewe alishavaa viatu. Mkoba alikuwa nao begani tangu nilipoingia. Ndiyo kwanza nikauona. Alipopita karibu yangu akasita, kama mwenye neno. Akalimeza.

Mlango ukafungwa. Nyayo zao nje zilikuwa za haraka mno kwa watu wanaonyoosha miguu.

Nikabaki na samaki.

Nilikuwa nimekuja na dumu la maji yaliyolala kutoka kwangu. Dumu moja tu. Nikayapima kwa macho: nikitoa maji mabaya kiasi, haya yangetosha kuwavusha hadi asubuhi. Yasingebaki hata ya kunawa. Nikaanza kuvuta maji ya tangi kwa mpira, nikiyaelekeza kwenye ndoo. Nilipofika nilipotaka nikabandika kipande cha utepe kwenye kioo, kuwa alama.

Pampu inanguruma. Giza linaingia taratibu.

Ndipo nikasikia kikohozi.

Kikavu. Cha mtu mzima. Kilitoka upande wa ndani, nyuma yangu au pembeni, sikujali. Nikajisemea, kumbe kuna bibi humu. Watu gani hawa, wanatoka bila hata kumwambia mgeni kuna mgonjwa ndani?

"Hodi bibi," nikasema bila kugeuka. "Mimi fundi wa samaki. Usiogope."

Nikaendelea kufungua kichujio.

Halafu, kwa mbali...

"Mwanangu... maji."

Sauti ilikuwa imekauka kama jani. Mikono yangu yote miwili ilikuwa ndani ya tangi, nimeshika kichujio.

"Subiri kidogo, bibi. Namaliza hapa."

Nikarudisha kichujio mahali pake. Samaki walikuwa wameacha kuhema juu. Wote walikuwa wamejibana kona moja, ile ya mbali na ukuta, vichwa vimeelekea upande mmoja. Nikafurahi. Nikadhani wamepata nafuu.

"Mwanangu... kidogo tu. Nilowanishe ulimi."

Nilikuwa nimeinua dumu. Lilikuwa zito, na kichwani nina dada yangu, nina kufuli, nina Meneja na samaki wake mkononi. Na hasira yangu, kama nilivyosema, huwahi kufika.

"Bibi, haya maji ni ya samaki! Wenyewe wanarudi sasa hivi, watakupa."

Nikamimina. Yote. Mpaka tone la mwisho.

Hakukuwa na kikohozi tena.

Kikaja kitu kingine. Harufu. Godoro lililoloa, likaanikwa, likaloa tena kabla halijakauka. Na dawa ya kuchua, ile inayopakwa wazee viungoni. Ikanijaa puani mpaka machozi yakanitoka.

Nikatazama utepe.

Maji yalikuwa yamepita juu ya alama. Mimi mwenyewe niliyajaza. Sasa yalikuwa yanashuka. Taratibu. Bila kutikisika, bila kutoa povu. Yakafika kwenye utepe. Yakapita chini yake.

Gu...

Gu...

Gu...

Mlio wa koo linalomeza.

Na kwenye kioo cha nyuma, kwa ndani, kukatokea ukungu. Mviringo mdogo, kama pumzi ya mtu aliyeweka mdomo karibu mno. Katikati yake palikuwa na alama ya midomo miwili iliyopasukapasuka.

Nyuma ya kioo kile hapakuwa na chumba, wala korido, wala kitanda cha bibi.

Palikuwa na ukuta. Na kiraka.

Sikumbuki nilivyotoka. Nakumbuka niko barabarani, mpira wa kuvutia maji nimeushika kama nyoka, na mwenye duka la ng'ambo ananitazama kupitia nondo za duka lake.

"Umetoka pale?" akaniuliza.

Nikatikisa kichwa kukubali. Akanisogezea kiti. Hakuniuliza nimeona nini.

"Mle kuna bibi?" nikamuuliza.

"Alikuwepo. Mama yake Meneja." Akashusha sauti, ingawa tulikuwa peke yetu. "Kile walichofanya sebule kilikuwa chumba chake. Alikuwa hawezi kuinuka, na akinywa maji analowanisha godoro. Wakachoka kufua."

"Wakafanyaje?"

"Wakampunguzia maji."

Alilisema hilo huku akipanga viberiti ambavyo vilikuwa vimepangika tayari.

"Alikuwa ananiita mimi dirishani. Baba duka, maji. Siku moja nikampitishia chupa. Mkamwana akaona. Kesho yake akaja fundi mwashi, wakaziba dirisha kwa matofali. Eti vumbi."

"Na wewe ukanyamaza?"

"Ningesema nini? Mama si wangu, nyumba si yangu." Akanitazama kwa ukali, kama mtu aliyejibu swali hilo mara nyingi akiwa peke yake. "Baada ya ukuta nilikuwa bado namsikia. Kidogo. Halafu nikawa simsikii."

Niliondoka bila kumuaga.

Asubuhi simu ikalia. Meneja. Sauti imemchangamka kama ya mtu aliyepata mtoto.

"Fundi! Wewe ni kiboko! Samaki wote hai, wanakula. Maji hayajapungua hata tone tangu tuliporudi. Njoo uchukue haki yako."

Nilitaka kumwambia akae nazo. Nikaliona kufuli la dada. Nikaenda.

Aliniwekea laki tatu mezani bila kupunguza hata senti, akaenda kupokea simu nyingine chumbani. Samaki walikuwa wanazunguka tangi zima, hata upande wa ukuta. Mkewe akabaki amesimama mbele yangu. Alikuwa amelala vizuri, uso ulimwonyesha.

"Alikuomba?" akaninong'oneza.

"Nani?"

"Fundi... alikuomba?"

"Aliniomba."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia... nilimwambia asubiri. Kwamba maji ni ya samaki."

Akafumba macho. Akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni kichwani baada ya mwendo mrefu.

"Basi," akasema. "Basi, alhamdulillah. Umemnyima kama sisi."

"Basi nini?" Nikainuka. "Wewe mama, basi nini? Mlijua! Mliniacha humu makusudi!"

Meneja akatokea. "Kelele za nini tena? Hela si umepata?"

Nikamtupia zile noti kifuani. "Chukua! Chukua hela zako, na mama yako mchukue!"

Akaziokota moja moja, hana haraka. Akanikunjia, akanitilia mfukoni mwa shati, akanipigapiga kifua kwa kiganja.

"Mimi kitu changu nimelipa, fundi. Si unajisifu wewe mtu wa haki? Kila mtu abebe cha kwake."

Dada alilipa kodi. Alinishika mikono yote miwili, akaniita kaka kwa sauti ambayo sikuistahili.

Jioni hiyohiyo, kwangu, maji ya tangi la kwanza yalishuka.

Kisha la pili. Samaki niliowalea miaka, ambao hawajawahi kuugua hata doa, wakaanza kujibana kona moja, vichwa upande mmoja. Mapezi yakanyauka, na mimi sijatia dawa yoyote, maji yote nimeyalaza mwenyewe. Nikabadilisha vichujio. Nikahamisha matangi kutoka ukutani. Nikafanya kila ninachokijua, na ninachokijua si kidogo.

Mwisho nikafanya nisichokijua. Nikamimina maji ya kunywa kwenye glasi safi, nikayaweka juu ya meza jua linapozama. "Bibi, karibu," nikasema. "Nisamehe. Maji haya hapa."

Asubuhi glasi ilikuwa imejaa, na juu yake vumbi. Tangi la tatu limeshuka.

Nikaweka jagi. Nikaweka ndoo. Nikamwaga mlangoni, nikamwaga ukutani. Halikuguswa tone.

Jana dada alipitia kwangu akitoka kazini, mikono inanuka mafuta ya nywele. Alikuta nimekaa gizani natazama matangi.

"Kaka, utaugua. Umekula?"

"Sina njaa."

"Unatunza samaki, mwenyewe unakonda!" Akacheka, akajitupa kwenye kiti. Miguu ilikuwa inamuuma, kasimama kutwa. Kufumba na kufumbua usingizi ukamchukua, mdomo wazi, kama alivyokuwa analala utotoni.

Jua likazama.

Nikasikia harufu ya godoro.

Nikainuka haraka, nikachukua glasi, nikaijaza, nikapiga magoti katikati ya chumba, nimeinua mikono. "Bibi, tafadhali. Haya hapa. Kunywa. Kunywa yote."

Nyuma yangu, dada akakohoa.

Kikavu.

Nikageuka. Macho yake yalikuwa yamefumba bado. Midomo yake, ambayo mchana aliipaka mafuta, ilikuwa imepasukapasuka. Nikampelekea glasi mpaka mdomoni. Maji yakamtiririka kidevuni, yakamlowanisha kifua. Hakumeza.

"Si haya," akasema kwa ile sauti ya jani.

"Ni maji, bibi. Maji ni maji..."

"Nataka yale niliyokuomba."