Mjusi wa Anti Perumal

Mjusi hakuweza tena kusimama. Alilala ndani ya sanduku lake la kioo, tumbo chini, miguu imetawanyika. Vidole vilitetemeka. Chakula kilikuwa mbele ya pua yake tangu jana, na hakukigusa.

"Anakufa," Carmel akasema.

"Hafi," akajibu mumewe, Pascal. "Iko nalala tu."

"Analala macho wazi?"



Mjusi huyo hakuwa wao. Alikuwa wa Anti Perumal, mjane wa Kihindi mwenye nyumba waliyopanga hapo Overport, mtaa wa Durban. Ni mjusi wa kufugwa, ambaye asili yake ni Australia. Urefu wake ni kama mkono wa mtu kutoka kiwiko hadi vidole. Chini ya kidevu ana miiba laini kama ndevu, na akikasirika ndevu hizo huvimba na kuwa nyeusi. Mjukuu wa Anti alimnunua, akamwita Raja, akachoka naye, kisha akahamia Cape Town kikazi. Raja akabaki kwa bibi, ambaye hakujua la kumfanyia zaidi ya kumtupia chakula.

Halafu Anti akapasuliwa nyonga. Akaenda kwa binti yake Isipingo mpaka apone. Kabla ya kuondoka alimwambia Carmel, "Niangalizieni Raja. Sina jingine la kuwaomba."

Ni kweli hakuwa amewaomba jingine. Pascal na Carmel walipofika Durban kutoka Lubumbashi, walibisha milango mingi. Kila mwenye nyumba aliuliza karatasi, akataka malipo ya miezi mitatu, kisha akafunga mlango. Anti Perumal aliuliza swali moja tu: "Huyo mtoto amekula?" Akamlisha mtoto wao Désiré, akawapa chumba cha nyuma.

Sasa kitu pekee alichowaachia kilikuwa kinafia mikononi mwao. Na Anti angerudi mwisho wa mwezi.

Wao hawakumchukia Raja. Walimtunza kwa namna waliyoijua, na hapo ndipo tatizo lilipokuwa. Carmel alimwogopa. Kwao, kinyonga na ndugu zake hawaingii ndani ya nyumba. Kwa hiyo alifunika sanduku kwa kitenge na kulisukuma pembeni ya kabati. Taa ya sanduku ilipoungua, Pascal aliweka balbu ya kawaida. Baadaye akaizima kabisa, kwa sababu umeme wa kadi ulikuwa unaisha haraka.

Kwenye chakula, Pascal hakuwa mchoyo. Kila siku alimpa Raja viwavi vikavu, vile vya chumvi vinavyoletwa na wasafiri kutoka kwao. Familia ilivitunza kwa ajili ya wageni na sikukuu.

"Sisi tunakula siku ya Noeli," alisema. "Yeye atakataa nini?"

Asubuhi hiyo Carmel alikwenda saluni kusuka nywele, akiwa na uso mzito. Mteja wake wa kwanza alikuwa Doris, Mtanzania wa Tanga, msaidizi katika kliniki ya wanyama. Carmel akasuka huku akisimulia.

"Taya lake likoje?" Doris akauliza. "Gumu au laini?"

"Dada, nani anashika taya la mjusi?"

Wanawake wengine wakacheka. Doris hakucheka. Alitaka kujua kuhusu miguu, kuhusu taa, kuhusu chakula. Kisha akainuka, nusu ya kichwa imesukwa, nusu bado, akajifunga kitambaa.

"Twende tukamwone. Utamalizia baadaye."

Nyumbani, Doris alinyanyua kitenge. "Nani amemfunika kama maiti?"

"Mimi," Carmel akasema. "Namwogopa."

"Yeye ndiye wa kukuogopa wewe."

Doris alimwinua Raja polepole, kiganja kimoja kifuani, kingine nyuma. Akagusa taya kwa kidole. Lilibonyea kama mpira. Mguu mmoja wa mbele ulikuwa umepinda.

"Shemeji, mnampa nini?"

Pascal, ambaye siku hiyo zamu yake kazini ilikuwa ya mchana, alileta kopo la viwavi. Alilifungua kwa fahari kidogo.

Doris alinusa. "Hivi ungenipa mimi."

"Mtu wa Tanga anakula viwavi?"

"Sijasema nitakula. Nimesema ungenipa." Akafunga kopo. "Shemeji, hivi ni vikavu na vina chumvi nyingi. Vinamchosha mwili. Yeye anahitaji wadudu hai, na majani. Lakini chakula siyo shida peke yake. Mifupa yake imekuwa laini. Mifupa inataka madini yanayoitwa kalsiamu. Na mjusi huyu hawezi kuyatumia madini hayo bila jua. Akikosa, mwili unaanza kuyachukua kwenye mifupa yake mwenyewe."

"Basi nimweke dirishani," Pascal akasema.

"Dirishani hapana. Kioo kinapitisha mwanga na joto, lakini kinazuia miale ya jua anayoitaka. Tena atapikika humo ndani. Mtoe nje, jua la asubuhi, na awe na kivuli cha kukimbilia. Msimwache peke yake, paka wapo."

"Nimnunulie dawa gani?"

"Usinunue kitu kwa kukisia. Kalsiamu ikizidi nayo inadhuru. Mimi ni msaidizi tu. Mleteni kliniki leo, daktari ampime."

Wakati huo Désiré alikuwa ameshagusa mkia wa Raja na kuweka vidole mdomoni. Doris alimshika mkono.

"Hapana, baba. Mjusi hata akiwa mzima anaweza kubeba vijidudu vya kuharisha. Ukimgusa, unanawa kwa sabuni. Na vyombo vyake visioshwe jikoni."

Pascal alichelewa kazini siku hiyo. Daktari alimchoma Raja sindano na kuwapa dawa ya matone. Alisema kweli bila kuzunguka: Raja anaweza kupona, lakini mfupa uliokwisha kupinda haunyooki.

Kazi ikaanza. Pascal alinunua taa maalum yenye miale kama ya jua, akaambiwa aibadilishe kila baada ya miezi sita hata kama bado inawaka, maana miale inaisha kabla ya mwanga. Aliweka balbu ya joto upande mmoja wa sanduku, joto karibu nyuzi arobaini, na upande wa pili akaacha pawe na ubaridi, ili Raja achague mwenyewe. Usiku taa zote zilizimwa. Alinunua nyenje hai, wadogo, wasiozidi nafasi iliyo kati ya macho ya mjusi, akawapaka unga wa kalsiamu kama alivyoelekezwa. Wa bustanini hakuwakamata, kwa kuwa jirani alipulizia dawa maua yake.

Nyenje wengine walitoroka wakaimba chini ya kitanda.

"Papa Désiré," Carmel akasema gizani, "umeleta kwaya nyumbani."

"Vumilia, mama. Wanaimba bure."

Kumtoa Raja nje ilikuwa kazi ya Carmel, kwa sababu saluni ilifunguliwa baadaye. Mwanzoni alimbeba kwa taulo, uso ameugeuza pembeni. Alimkatia majani ya maboga na haradali, akamwogesha kwa maji ya vuguvugu yasiyofika mabegani. Asubuhi moja Raja aliinua kifua, akatazama nyenje, akamnasa kwa ulimi. Carmel alimwita mumewe kwa sauti ndogo, kama mtu anayeogopa kuvunja kitu. Tangu siku hiyo taulo halikutumika tena.

Anti Perumal alirudi kwa mkongojo. Alimkuta Raja nje, amesimama juu ya tofali, ndevu zimetulia, mguu mmoja umepinda.

"Huo mguu?" akauliza.

Pascal alimwambia yote: kitenge, balbu, viwavi. Hakupunguza kitu. "Tulikuwa tunamuua, Anti. Dada Doris ndiye aliyetuonyesha."

Anti aliegemea mkongojo. "Hata mimi nilimweka dirishani," akasema. "Nikadhani namfanyia vizuri. Huyo Doris anakula samaki wa mchuzi? Mwambieni aje Jumapili, nimshukuru kwa mkono wangu." Kisha akafungua pochi. "Mmetumia kiasi gani?"

"Funga pochi, Anti. Siku ile ulimlisha mtoto kwanza, ndiyo ukatuuliza majina. Sisi ndio wa kushukuru."

Anti alifunga pochi, lakini alitaka kujua. Kwa hiyo Pascal alimhesabia. Daktari, randi tisini. Taa ya miale, mia na arobaini. Balbu ya joto, ishirini. Unga wa kalsiamu, thelathini na tano. Nyenje, randi kumi na mbili kila wiki. Jumamosi tatu za kibarua cha kupakia malori huko Clairwood ili kulipa hayo. Na mguu mmoja wa mbele, ambao Raja alilipa mwenyewe.