Maji Yaliyochemshwa Vizuri

Moza alikutwa amekufa katika chumba cha nyuma cha duka la dawa, mtaa wa Gerezani, Kariakoo, sindano ya dripu ingali mkononi. Mumewe Khalfani, mwenye duka, alikuwa amemfunika kanga hadi kidevuni, kana kwamba anamkinga na baridi. Inspekta Leticia alishazoea maiti. Kanga ile ilimuumiza.

"Pole sana, kaka. Dripu hii umeitoa wapi?"

"Kwa Hamis, afande, anayetuletea dawa. Mke wangu alikuwa anaharisha tu. Nimemtundikia, mara akaanza kutetemeka, homa ikapanda..."

Hamis akawekwa mahabusu. Aliapa kwa Mola wake kwamba mzigo wake ulikuwa safi. Mkewe akawa anashinda nje ya kituo na hotipoti ya chakula.

Kisha Theophil, mtaalamu wa maabara ya uchunguzi, akapiga simu.

"Chupani hamna bakteria hai hata mmoja, Inspekta. Ila mabaki yao yamejaa."

"Nieleze kama mtoto."

"Bakteria wengine huvaa koti. Hulitengeneza wenyewe: vipande vya mafuta na sukari huundwa ndani, husukumwa nje, hupangwa juu ya mwili. Ukichemsha maji, bakteria anakufa, koti linabaki. Mafuta yake ndiyo sumu. Ukiyanywa, tumbo linahimili. Yakiingia kwenye damu, mwili unawaka, presha inaanguka."

"Kwa hiyo maji yalichemshwa."

"Vizuri sana. Na kizibo kimetobolewa, chupa ikajazwa upya."

Leticia alirudi dukani. Uani, kando ya tangi, palikuwa na sufuria yenye ukoko mweupe wa chumvi.

"Kaka Khalfani, Hamis analala sakafuni kwa ajili yako."

Khalfani akaegemea tangi. "Dripu ziliisha, afande. Nikajaza maji ya chumvi kwenye chupa iliyotumika. Lakini niliyachemsha! Mara mbili!"

"Si ungempeleka hospitali?"

"Mwanetu alifia hospitali. Moza alinishika mkono, akasema, 'Baba Yasser, nitibu wewe.'"

"Na Hamis?"

"Niliogopa. Watu wangesema nimemuua."

Aliitazama sufuria. "Nimechemsha," akasema tena, safari hii kwa maana ya vijana wa Kariakoo, wanaolitumia neno hilo kumcheka aliyeharibu kazi. Hakuna aliyecheka.

Leticia akapiga simu Hamis aachiwe. Kisha akatoa pingu.

"Afande, yale maji angeyanywa tu, je?"

Leticia alitamani kumdanganya. "Yasingemuua."

Khalfani akaketi chini. "Aliniomba," akasema. "Alikuwa na kiu. Nikamwambia avumilie, dripu inatosha."