Feni Iliyotoka Matangani

Rafiki yangu Phanice hutengeneza video hapa Suneka. Haya aliniambia akitazama chini, kwa aibu.

Alikuwa akitayarisha video ya mazishi ya mama mmoja aliyekufa kwa pumu, na maziko yalikuwa kesho yake. Kadi ya picha ya kompyuta yake, kile kifaa cha ndani kinachochakata video, ni kuukuu, ikawa inachemka hadi kompyuta inajizima. Aliipangusa vumbi, akaiacha wazi bila kifuniko, wapi. Pesa za kununua nyingine hakuwa nazo.

Alipoenda matangani kuchukua picha, aliona feni ndogo iliyokuwa ikimpepea marehemu alipokuwa mgonjwa. Kwetu vitu vya marehemu havitoki nyumbani kabla hajazikwa. Phanice aliificha ndani ya sweta.

Gesare, binti wa marehemu, alimkimbilia mlangoni na ndizi mbivu.

"Chukua, dada yangu. Umehangaika sana kwa ajili yetu."

Phanice alizipokea kwa mkono mmoja, maana ule mwingine ulikuwa umeshika feni.

Kibandani kwake, anakofanyia kazi, mvua ya alasiri ilileta giza. Feni iliipuliza kadi, na kazi ikaenda vizuri mpaka stima ikapotea. Feni iliposimama, Phanice alisikia mtu akivuta pumzi kwa shida kwenye kiti cha wateja, kifua kikilia kama filimbi.

Akamulika kwa simu. Hapakuwa na mtu, ila mto wa kiti ulikuwa umebonyea.

"Mama, nairudisha sasa hivi," akanong'ona.

Pumzi ikanyamaza. Kiti kikalia kwiii, na ule mto ukainuka taratibu, kama mtu ameondoka juu yake.