Maji Yaliyobaki Kwenye Karavani

Springi ya karavani ilikatika wakiwa katikati ya mto mkavu, na Clarrie Hoskins, kwa ubishi wake, akakanyaga mafuta badala ya breki. Nyumba ile ya magurudumu ikainama upande mmoja. Ndoano iliyoifunga kwenye gari ikapinda na kugoma kufunguka, na gari lenyewe likazama mchangani mpaka ekseli. Vumbi jekundu lilipotulia, mkewe Noelene alikuwa bado ameng'ang'ania dashibodi.

"Nilikwambia upunguze upepo kwenye matairi," akasema.

"Miaka kumi na miwili naivuta njia hii hii, mama."

"Basi leo imechoka kukuvumilia."

Kambi ya watalii ya korongoni, walikokuwa wakielekea, ilikuwa mbele kilomita ishirini na nne, na mwisho wa Oktoba, joto linapowakimbiza watalii, barabara ile huweza kukaa siku tatu bila gari. Simu haikushika mtandao. Redio ilikoroma tu. Lakini hawakuogopa, maana karavani ilikuwa na tangi la maji la lita mia. Noelene akafungua bomba la jikoni apate maji ya chai. Bomba likakohoa, likatema tone moja, basi. Akajilaza chini ya karavani kuchungulia: jiwe lilikuwa limekata mpira wa tangi, na maji yao yote yalikuwa yamemwagika njiani, pengine tangu asubuhi.

Wakabaki na dumu la lita nne. Jioni, baada ya kufukua mchanga bure, halikufika lita mbili.

Alfajiri Noelene aliamka peke yake. Mezani kulikuwa na kikaratasi: "Naenda kambini kutafuta msaada. Nimechukua nusu ya maji. Usitoke kivulini." Mzee wa miaka sabini na moja, anayemeza vidonge vya presha, na jua la nyuzi arobaini na tatu, na lita moja isiyotimia! Noelene akaporomosha tusi alilojifunza zamani alipokuwa akiwapikia wakata manyoya ya kondoo. Kisha akakaa. Alimpenda mjuaji yule, na alijua hafiki.

Angeweza kumpigia honi arudi. Lakini kumrudisha bila maji ni kumwita aje afie nyumbani.

Sasa, Noelene ni mtu wa kutaka kujua. Akiona kitufe lazima aulize kinafanya nini, na Clarrie humcheka kwa hilo. Juzi alikoga maji ya moto. Tangi liko chini ya karavani, hita iko ukutani. Je, maji ya moto hukaa wapi yakisubiri? Akatoa kitabu cha maelekezo, ambacho mumewe hakuwahi hata kukivua nailoni, akaanza kupekua. Ukurasa wa hamsini na moja ulimjibu: hita hubaki imejaa hata tangi likikauka, kwa sababu bomba la kutolea maji liko juu. Lita ishirini na mbili.

Akachukua spana na beseni, akatoka nje. Kijimlango cha hita kilikuwa upande ulioinama, karibu na mchanga. Akalegeza kwanza valvu ya juu kama kitabu kilivyosema, kisha nati ya chini. Nati ilikaza. Akaning'inia kwenye spana kwa uzito wake wote, ngozi ya kiganja ikachubuka, nati ikaachia. Maji yakabubujika vuguvugu, yana ladha ya chuma. Akacheka peke yake, akalia kidogo, halafu akapanda garini na kuegemea honi. Akapiga, akapumzika, akapiga tena.

Clarrie alirudi akichechemea, uso mwekundu, chupa tupu mkononi. Goti lake bovu lilikuwa halijampeleka mbali.

"Wako wapi?" akauliza.

"Akina nani?"

"Waliokuja. Nimesikia honi."

"Hajaja mtu. Kaa unywe chai."

Akaitazama birika, kisha beseni. "Umeyatoa wapi haya?"

"Kwenye hita."

"Haiwezekani. Tangi limekauka, hita itapata wapi maji?"

"Basi usinywe, fundi."

Alikunywa vikombe vitatu.

Kesho yake asubuhi wakasikia muungurumo. Likaja greda la kuchonga barabara, likitokea upande wa kambini, na mwendeshaji wake, mwanamke wa makamo aitwaye Dulcie, akashuka na galoni la maji baridi.

"Nilikuta nyayo za mtu zikienda kambini," akasema. "Zimefika kwenye kichuguu, zikageuka. Ni zako, mzee?"

"Zangu. Nilitaka kuomba msaada kule."

Dulcie akamkabidhi galoni. "Kule kwa nani? Pampu ya kisima ilikufa wiki iliyopita, wenye kambi wakafunga mapema mwaka huu. Geti lina kufuli, mabomba hayatoi hata tone. Nimelala pale jana peke yangu."

Clarrie akaketi kwenye ngazi ya karavani. Akaushika mkono wa mkewe uliofungwa kitambaa, yeye asiyewahi kumshika mbele ya watu.

"Ningefia getini, Noelene."

"Najua," akasema Noelene. "Na hapo ni kama ungefika."