Joto Linakwenda Wapi

Blanketi lilipomfunika Bi Mwanakombo hadi kidevuni lilitoa mngurumo mdogo, kama paka anayekunwa shingo, kisha likaanza kazi. Ndani yake mlikuwa na mirija elfu tisa, kila mmoja mwembamba kuliko unywele, na ndani ya mirija hiyo yalizunguka maji ya dawa kutoka miguuni hadi mabegani. Yalinyonya joto la mwili wa mama huyo wa miaka sitini na tisa na kulipeleka kwenye mtungi wa chuma uliosimama kando ya kitanda. Baada ya dakika nne ngozi yake ilisoma nyuzi thelathini na tatu. Nje ya dirisha ilikuwa saa nne asubuhi, na Tanga ilikuwa imefika nyuzi arobaini na nne.

"Siku ya nne leo, mama," alisema binti yake, Salha Mhina, akikagua kibao cha vipimo. "Leo ndiyo ya mwisho. Ukiamka utalivua."

"Nilivue niende wapi? Nimeshalizoea," alisema Bi Mwanakombo, macho nusu yamefumba. "Samaki wako tu ndiye sijamzoea. Jana umemkaanga na nyongo yake, mchungu huyo!"

Salha alicheka. Mama yake alikuwa mtu wa kulalamikia chakula, na kwa Salha malalamiko hayo yalikuwa dalili ya uzima. Aliinama, akamshika mkono, akaubusu kama alivyofanya kila walipoagana kwenda kulala tangu akiwa mtoto.

"Lala salama, mama."

"Na wewe, mwanangu."

Mkono ulikuwa baridi, laini, mkavu. Hakuna hata tone la jasho. Salha alitoka chumbani amefurahi, akarudisha mlango taratibu.

Kwa miaka ishirini sasa mji ulikuwa ukilala mchana na kuamka jua likizama. Soko, shule, bandari na mahakama vyote vilihamia gizani. Amri ya Jua ilimkataza mtu yeyote kukanyaga barabara kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni. Watu waliizoea kazi ya usiku upesi. Kilichowashinda ni kulala mchana. Viyoyozi vya zamani vilipigwa marufuku kwa sababu vilipoza chumba cha mmoja na kumtemea joto jirani, na waliokuwa na damu ya moto, wale wanaolowesha godoro hata siku ya baridi, walikesha wakigeuka kama chapati kikaangoni. Msimu uliopita wazee mia tatu walikufa vitandani mwao. Baba yake Salha alikuwa mmoja wao.

Ndiyo maana kazi hii haikuwa kazi tu kwake. Ofisi ya Usingizi ya Jiji ilikuwa imempa, yeye mpimaji mkuu, jukumu la kuchagua blanketi moja la kupoza, nalo lingegawiwa nyumba elfu arobaini zenye wazee. Matatu yalikuwa yamefika mwisho wa mchujo. La kwanza, Umande, lilikuwa kitambaa chenye unyevu, rahisi, ila mtu aliamka nalo amelowa kama aliyenyeshewa. La pili, Kivuli, lilifunika tumbo na miguu tu, na feni zake zilipiga kelele za cherehani. La tatu ndilo hili, Zizima. Lilikuwa na akili unde iliyojifunza mwili wa mlalaji na kuhakikisha hatokwi jasho, hatetemeki, hageuki ovyo. Kila baada ya saa moja lilituma neno moja ofisini: *Ametulia.*

Wazee sitini walikuwa wakilala nalo kwa majaribio, na mama yake miongoni mwao. Sahihi ya Salha ilitakiwa kabla ya saa sita mchana.

Alikaa sebuleni mbele ya kioo cha ukutani akapitia taarifa. Ametulia, ametulia, ametulia. Macho yalikuwa mazito. Alikuwa amefanya kazi usiku mzima, na sasa mji wote ulikuwa kitandani isipokuwa yeye na Bwana Gharibu wa kampuni iliyotengeneza Zizima, ambaye uso wake ulitokea kiooni saa tano na nusu kamili, umenyolewa vizuri, umejaa tabasamu.

"Bi Salha, poleni na kazi. Naona zimebaki dakika thelathini."

"Nimeshaona, Bwana Gharibu. Namalizia."

"Sina wasiwasi. Hata mama mwenyewe nasikia halitaki tena shuka la kawaida."

"Ni kweli. Nipe dakika mbili ninywe chai, nisije nikasinzia juu ya sahihi."

Alirudi chumbani kwa kunyata. Moja ya sifa za Zizima ilikuwa mtungi wake. Joto halipotei. Likiondolewa mahali lazima lipelekwe pengine, na watengenezaji walikuwa wamefikiria vizuri: joto la mlalaji lilipasha maji ya mtungini, yakafaa kuogea au kutengenezea chai. Siku ya kwanza Bi Mwanakombo alikuwa ameionja chai hiyo akakirudisha kikombe. "Hii si chai, ni maji ya kunawia," alisema, na tangu hapo walikuwa wakichemsha upya jikoni.

Leo hapakuwa na muda wa kuchemsha. Salha aliweka majani kikombeni, akafungua bomba la mtungi, akapiga funda kubwa, la mtu anayetegemea vuguvugu.

Aliungua ulimi. Kikombe kilimponyoka kikavunjika sakafuni.

Alibaki amesimama, mkono mdomoni, akiutazama mvuke uliokuwa ukipanda kutoka kwenye vigae. Mama yake hakushtuka. Hata kope hazikucheza. Blanketi lilinguruma kwa raha yake.

Siku ya kwanza maji vuguvugu, leo yanachoma. Chumba ni kilekile, maji ni yaleyale, mlalaji ni yuleyule. Salha alikuwa mpimaji, na akili yake ilianza hesabu kabla moyo haujathubutu. Joto hili limetoka wapi?

"Mama," aliita. "Mama, amka kidogo."

Aligusa shingo kwa mgongo wa kiganja, pale ambapo kila mama wa pwani humgusa mtoto wake. Baridi. Aligusa paji la uso, hata hilo lilikuwa vuguvugu tu, kwani ukosi wa blanketi ulipoza damu yote iliyopanda kichwani. Kibao kilisoma nyuzi thelathini na tatu, *Ametulia.* Kama asingeungua ulimi angerudi sebuleni akatia sahihi.

Alishika pindo la blanketi kwa mikono miwili akalivuta lote, akalitupa chini. Lilinguruma, likawasha taa nyekundu, likasema kwa sauti nzuri ya kike: "Tafadhali mrudishie mlalaji utulivu wake."

Kwa dakika moja hakukuwa na kitu. Kisha ngozi ya Bi Mwanakombo ilianza kupata moto chini ya viganja vya Salha, polepole, halafu kwa kasi, mpaka kwapa likawa haligusiki. Meno yakaanza kugongana. Kitanda kikatetemeka.

"Mama! Mama, unanisikia?"

"Baridi," alisema Bi Mwanakombo. "Mwanangu, baridi."

Salha alipiga kengele ya jengo. Kila jengo lilikuwa na tabibu wake wa mashine, sanduku la magurudumu lililokaa chini kwenye ngazi, na kwa bahati lifti ilikuwa nzima siku hiyo. Lilifika likatoboa kidole, likalamba tone la damu, likasoma. Nyuzi arobaini nukta sita. Malaria, siku ya tatu, vimelea vingi. Mkono wake wa chuma ukatafuta mshipa, ukakosa, ukatafuta tena. Salha aliomba Mungu kwa sauti, bila kuona haya. Mara ya tatu sindano iliingia na dawa ikaanza kudondoka.

"Saa mbili zaidi," lilisema sanduku, "asingeamka."

Ndipo Salha alipoinua macho akaona ndoano tupu ya dari. Chandarua kilikuwa kimening'inia pale miaka yote, hadi wiki mbili zilizopita, alipokifungua kwa mkono wake mwenyewe akiandaa chumba kwa jaribio. Maelekezo ya Zizima yalitaka hewa huru juu ya kitanda, na wakati huo mvua ilikuwa ndiyo kwanza imekatika. Tena alikuwa amekifungua huku akiimba.

Bi Mwanakombo alifumbua macho. Yalikuwa mekundu, lakini yalimwona mtu.

"Kwa nini hukuniambia unaumwa?" Salha alilia sasa, waziwazi. "Kichwa hakikuuma? Viungo je?"

"Viliuma tangu juzi. Mdomo mchungu, nikakusingizia samaki." Alimeza mate kwa shida. "Ulisema nisilivue siku nne, nisikuharibie kipimo. Nikasema nivumilie, mtoto apate sifa kazini kwake. Na lenyewe lilikuwa likinituliza, Salha. Kila nikitaka kuita, linanibembeleza, nalala."

Salha alimpangusa uso kwa kitambaa chenye maji. Alimlaza kichwa vizuri, akarudi sebuleni. Bwana Gharibu alikuwa bado kiooni. Ilikuwa imebaki robo saa.

"Bi Salha, kuna tatizo? Nimesikia kitu kimevunjika."

"Nikuulize. Joto la mtu likizidi, akili ya Zizima inafanya nini?"

"Inaongeza kazi. Ndiyo sifa yake kubwa."

"Na akitetemeka?"

"Inapunguza baridi kidogo kidogo mpaka atulie, halafu inairudisha. Hajui hata kama imefanya hivyo."

"Inajuaje kama anatetemeka kwa baridi ya blanketi au kwa homa?"

Tabasamu la Bwana Gharibu lilisogea kidogo, likakosa pa kukaa. "Dada yangu, hilo ni blanketi. Si hospitali."

"Unajua malaria imo mjini baada ya mvua."

"Takwimu za joto la mtungi zilikuwemo kwenye fomu yetu ya mwanzo," alisema, sasa kwa upole wa mtu anayejilinda. "Nyinyi ndio mliomba ziondolewe."

Alikuwa akisema kweli, na hapo ndipo palipouma. Salha aliikumbuka safu hiyo. Aliifuta mwenyewe, fomu ipungue ukurasa, akaandika pembeni: *mambo ya jikoni.* Mtungi ulikuwa kitu pekee kilichosema ukweli kuhusu mlalaji, naye aliunyamazisha kwa kalamu yake.

Aliandika *Zizima: limekataliwa.* Akaandika *Kivuli*, lile la kelele za cherehani, linaloacha kifua na uso wazi ili mkono wa mtu uweze kugusa na kujua. Akatia sahihi, akamzima Bwana Gharibu katikati ya neno.

Halafu orodha ilirudi kiooni yenyewe, kama ilivyofanya kila baada ya saa moja. Majina sitini, na mbele ya kila jina neno lilelile moja. Salha alilitazama likishuka hadi chini. Wote sitini walikuwa wameambiwa wafungue vyandarua, na siku nne wasilivue blanketi.

Mabarabarani jua lilikuwa linaua. Hakuna gari la wagonjwa ambalo lingetoka kabla ya saa kumi ila kwa mgonjwa aliyethibitishwa, na kiooni hakuna aliyekuwa mgonjwa. Asingeweza kuuliza kama wanaumwa. Wangesema salama, kama mama yake alivyoficha maumivu yake. Wala asingewaambia waguse paji la uso, kwani blanketi lingewadanganya kama lilivyomdanganya yeye.

Alianza na Mzee Kihiyo, wa jengo la pili, mtu aliyekuwa akijisifu sokoni kwamba analala kama mfalme. Simu iliita muda mrefu. Mke wake alipokea, sauti nzito ya usingizi lakini yenye furaha.

"Shikamoo, mama. Ni Salha wa Ofisi ya Usingizi. Samahani kukuamsha."

"Marahaba, mwanangu! Usijali. Tena Mungu akubariki kwa lile blanketi. Mzee tangu jana amelala tu, hageuki, hakoromi, wala hata chakula hakutaka."

"Mama," alisema Salha, akishika ukingo wa meza, "chai ya mtungini leo ikoje?"

Yule mama alicheka kwa raha.

"Ya moto kwelikweli, mwanangu! Leo hata jiko sijawasha."