Amplifaya Iliyofunikwa Blanketi

Kila asubuhi Kipaza hupangusa gari lake kabla hajapangusa uso wake. Kipaza si jina la kuzaliwa. Mtaani walimwita hivyo kwa sababu gari lake dogo, kuukuu, limebeba spika nne za tarumbeta juu ya paa. Kazi yake ni kupitisha matangazo. Yeye huendesha, na mkewe hukaa kando yake akizungumza kwenye maikrofoni. Huyo watu humwita Mama Tangazo. Ana sauti nzuri, naye anailinda. Kabla ya kazi hunywa maji ya vuguvugu, na hagombani na mtu.

"Ugomvi wako nimekuwekea," humwambia mumewe. "Tutagombana jioni."

Nyuma ya kiti cha dereva, sakafuni, ndipo inapokaa amplifaya. Hicho ndicho chombo kinachokuza sauti ya maikrofoni mpaka isikike mtaa mzima. Mama Tangazo alihofia itaingia vumbi. Basi aliifunika kwa blanketi zito, na pembe zote akazichomeka vizuri, kama anayelaza mtoto.

Lakini amplifaya ilikuwa na tatizo. Kila walipotangaza kwa nusu saa hivi, taa ndogo nyekundu iliwaka na sauti ikakatika. Kipaza aliigusa, akaondoa mkono upesi. Ilikuwa ya moto kweli.

"Ina homa," alisema. Akalowesha taulo, akaikanda kwa maji. Msicheke, alikuwa anajaribu. Baada ya dakika kumi sauti ilirudi, kisha ikakatika tena.

Siku zote walianzia kazi sokoni. Nusu saa ilipokwisha, walikuwa wamefika darajani. Ng'ambo ya daraja, bondeni, kuna nyumba nyingi zilizobanana. Huko walipita na spika zilizonyamaza. Mama Tangazo alitoa kichwa dirishani na kupiga kelele mpaka koo likamuuma.

Siku moja nesi wa zahanati alikuja nyumbani kwao.

"Kesho tunarudia chanjo ya surua," alisema. "Mara iliyopita watoto wa bondeni hawakuletwa. Mama zao wanasema hawakusikia tangazo lolote. Sasa mtoto mmoja wa huko amelazwa. Ana surua."

Mama Tangazo aliweka kikombe chini. Aliona aibu, na moyo ulimuuma. Tangazo lile lilikuwa lake.

Nesi alipoondoka, alimgeukia mumewe. "Mpigie dada yako."

"Yule? Mdogo wangu niliyembeba mgongoni, leo anifundishe waya?"

"Ulimbeba, nani amekataa? Lakini yeye amesomea umeme wa magari, wewe umesomea taulo. Kama humpigii, nitampigia mimi. Ni wifi yangu."

Haikupita saa moja, fundi akafika kutoka gereji, ovaroli mwilini na mkoba wa zana mkononi.

"Wifi, mbona sauti imekukauka? Kaka yangu anakutesa?"

"Athubutu! Njoo umwone mgonjwa wetu."

Fundi alifungua mlango wa nyuma. Aliona blanketi, na juu yake taulo lililolowa. Alilinyanyua taulo kwa vidole viwili.

"Nani kaweka maji kwenye umeme?"

Kipaza alijikuna kisogo.

"Kaka, siku nyingine usirudie. Maji yangeiua kabisa. Na hili blanketi?"

"Hilo ni langu," alisema Mama Tangazo. "Vumbi, wifi."

"Nia njema. Lakini tazama hii mistari ya chuma mgongoni mwake. Joto linatokea hapa. Ukiifunika, joto linakosa njia. Ikizidi kupata moto inajizima yenyewe isiungue. Taa nyekundu ndiyo inakwambia hivyo. Vumbi tutalifuta kwa kitambaa kikavu."

Aliondoa blanketi. "Washa. Tangazeni hapahapa uani. Tunabadilisha kitu kimoja kimoja, ndipo tujue ugonjwa uko wapi."

Mama Tangazo akawatangazia kuku watatu na kamba ya nguo. Nusu saa ikapita, sauti ipo. Kipaza alianza kupiga makofi. Dakika tano baadaye taa nyekundu ikawaka, sauti ikakatika.

"Usishangilie mapema," alisema fundi. "Blanketi lilikuwa na kosa, lakini si lake peke yake. Zima gari. Kabla sijagusa waya, naondoa waya wa hasi kwenye betri."

Alifuata nyaya kwa vidole. Waya wa hasi wa amplifaya ulikuwa mwembamba, na umefungwa kwa bolti juu ya rangi ya gari.

"Rangi inazuia umeme. Hapa panatakiwa chuma kitupu." Alikwangua rangi kwa msasa mpaka chuma kikang'aa. Akafunga waya mnene zaidi, akaukaza.

Kisha alifika mahali pa fyuzi, karibu na betri. Hakukuwa na fyuzi. Kulikuwa na kipande cha waya kilichosokotwa. Safari hii hakutania.

"Kaka, hii ni kazi yako?"

"Fyuzi ilikuwa inakatika kila mara."

"Fyuzi hukatika ili gari lisiungue. Wewe umeondoa mlinzi ukaacha mlango wazi. Mngeweza kuungua humu ndani, wewe na mkeo."

Kipaza alimtazama mkewe, akainamisha macho. "Sikujua," alisema. Kwa mtu kama yeye, hilo ni neno zito.

Fundi aliweka fyuzi ya kiwango kilichoandikwa kwenye amplifaya. Halafu akatazama paani. "Hizi spika zilikuwa mbili. Lini zimekuwa nne?"

"Nilipata mbili kwa rafiki. Niliziunganisha zote pamoja ili sauti iwe kubwa."

"Basi hapo ndipo penye ugonjwa wenyewe. Kila spika ni ohmu nane; hicho ni kipimo cha jinsi inavyozuia umeme. Ukiunganisha mbili hivi, zinakuwa ohmu nne. Ukiunganisha nne, zinakuwa ohmu mbili. Amplifaya yako imeandikwa isishuke chini ya nne."

"Spika zinaongezeka, namba inapungua? Hesabu gani hiyo?"

"Fikiria milango ya ukumbi. Ukiongeza milango, watu wengi zaidi wanatoka kwa mara moja. Na huku umeme mwingi zaidi unatoka kwa mara moja. Amplifaya inazidiwa, inapata moto."

Aliondoa spika mbili. Kati ya zilizobaki, moja aliielekeza mbele, nyingine nyuma. Akarudisha waya wa betri, wakawasha. Kitufe cha kuongeza sauti kilikuwa kimezungushwa mpaka mwisho. Alikirudisha mpaka sauti ikaacha kukwaruza. Akarudisha waya wa betri, wakawasha. Mama Tangazo aliwatangazia kuku kwa saa nzima. Fundi akagusa chuma: kilikuwa na joto la kawaida tu.

Kesho yake walianzia sokoni kama kawaida. Walipokaribia daraja, Kipaza alipunguza mwendo. Alikuwa akitazama nyuma kila mara.

"Tazama barabara," alisema mkewe. "Mimi nitatazama taa."

Wakavuka. Taa haikuwaka.

"Akina mama na akina baba wa bondeni! Chanjo ya surua ni leo, zahanati, mpaka saa kumi jioni! Leteni watoto!"

Milango ilifunguka mmoja baada ya mwingine. Mwanamke mmoja alilisogelea gari, mtoto kiunoni.

"Leo ndiyo mara ya kwanza mnakuja huku," alisema.

Mama Tangazo alizima maikrofoni. "Tunakuja kila mara, mama. Ila tulikuwa tunafika bubu. Mtusamehe."

Mwanamke alimtazama kidogo, kisha akamweka mtoto sawa kiunoni. "Ngoja nimchukue na wa jirani," alisema. "Mama yake yuko kazini, hajasikia."